SOMO LA UFUNDI: KABLA YA KUSHIKA MKASI WA BATI



Mwezi uliopita, baada ya ibada, mama mmoja alinisimamisha mlangoni. Alikuwa ameuza mbuzi. Akasema, "Mchungaji, kijana wangu ameacha kukaa bure kule vibandani, sasa anasema anataka kuwa fundi bati. Nataka nimnunulie nyundo na mkasi. Vitatosha?" Nikamjibu, "Mama, usinunue kitu kwanza." Watu walikuwa wengi, nikaitwa upande mwingine, na yule mama akaenda zake na jibu la nusu. Nimelifikiria tangu siku hiyo. Pesa ya mbuzi si pesa ya kuchezea, hasa kwetu sisi tuliofika hapa Nakivale na nguo za mwilini tu. Kwa hiyo somo la mwezi huu ni jibu langu kwake, na kwa kila mzazi ambaye mtoto wake anaulizia kazi hii.

Wengi mnanijua kwa mimbari. Kabla ya chuo cha Biblia nilikuwa mwanafunzi wa fundi bati kule Uvira. Nilianza mwaka 1995 nikiwa na miaka 15, kwa mzee mmoja aliyekuwa na kibanda karibu na soko. Vita vya mwaka 1996 vilipotukuta tulivuka ziwa hadi Kigoma. Gunia langu lilibaki ufukweni, lakini kambini nilikula kwa kazi ya mikono hii.

Kwanza tuelewane kazi yenyewe ni ipi. Fundi bati si mhunzi, wala si mchomeleaji, ingawa wote watatu wanashika chuma. Mhunzi hutia chuma kinene motoni na kukifua. Mchomeleaji huunganisha vyuma vya milango na madirisha kwa umeme. Fundi bati huchukua chuma kilicho kama karatasi, mara nyingi chini ya nusu milimita, akakikunja kiwe kitu chenye tumbo: ndoo, kopo, faneli, sanduku la mwanafunzi, jiko, mfereji wa mvua, bomba la moshi. Anafanana zaidi na fundi cherehani. Wote wawili huanza na kitu bapa na kumaliza na kitu kinachozunguka, na mkasi ukishapita mahali pabaya hakuna dawa.

Ni kazi ya kale. Someni Kutoka 39:3, mtaona jinsi waliotengeneza naivera ya kuhani walivyofua dhahabu mpaka ikawa mabamba membamba, kisha wakayakata yawe nyuzi. Na katika Hesabu sura ya 16 vile vyetezo 250 vya shaba, baada ya wenyewe kufa, vilifuliwa vikawa mabamba ya kufunika madhabahu. Mahubiri ya sura ile tumeyasikia mara nyingi. Mimi huisoma pia kwa jicho la fundi: walikuwapo watu waliojua kuliondoa umbo la zamani na kutoa jingine bila kupoteza shaba. Nasi kambini tulifanya hivyo hivyo na yale makopo ya mafuta ya lita 4 yenye maandishi ya USA. Tuliyakata, tukayanyoosha, yakawa koroboi, yakawa vikaango, yakapigiliwa pamoja yakawa milango ya nyumba za udongo. Nani kati yetu hajalala nyuma ya mlango wa namna hiyo?

HESABU KWANZA

Sasa nakuja kwenye jibu. Ujuzi wa kwanza wa fundi bati ni kupima na kupiga hesabu, na hapa ndipo vijana wengi hukunja uso. Wanafikiri wameikimbia hesabu darasani, kumbe inawasubiri kibandani.

Tuchukue kopo la kupimia la lita 1, kwa sababu kila mama anayenunua maharage sokoni analijua. Lita 1 ni sentimita za ujazo 1,000. Tuseme tunataka kopo lenye kipenyo cha sentimita 10.5. Mzingo wake ni kipenyo mara 22 gawanya kwa 7, yaani sentimita 33 kamili. (Mzee wangu alipenda vipimo kama 7, 10.5, 14 na 21, kwa sababu kwa hivyo hesabu ya duara hutoka safi hata bila kalamu.) Eneo la kitako ni nusu kipenyo mara nusu kipenyo, mara 22 gawanya kwa 7. Nusu kipenyo ni 5.25, basi eneo ni sentimita za mraba 86.6 na kidogo. Gawanya 1,000 kwa hizo, utapata urefu wa kopo: sentimita 11.54.

Je, tukate bati la sentimita 33 kwa 11.54? Ukikata hivyo umeharibu bati, kwa maana hukubakiza cha kushonea. Mshono wa kukunja hula bati mara tatu ya upana wake, kwa kuwa kingo mbili zinashikana kama vidole vya mikono miwili vilivyokunjwa na kuvutana. Mshono wa milimita 6 utakula milimita 18, kwa hiyo 33 inakuwa 34.8. Mdomoni tunakunjia waya, ili kopo lisimkate mtu wala lisipinde. Waya hula bati mara mbili na nusu ya unene wake, basi waya wa milimita 4 unataka milimita 10. Chini unahitajika ukingo wa milimita 6 wa kushikana na kitako. Jumla ya urefu ni sentimita 13.14, nasi hukata 13.2. Kitako chenyewe ni duara la 10.5, ongeza milimita 6 kila upande, kipenyo kinakuwa 11.7.

Mzazi, kama kijana wako anaweza kukaa na daftari akaifuata hesabu hiyo mpaka mwisho, hata kama amekosea mara tatu, ana mahali pa kuanzia. Kama anasema, "Mimi nitakadiria kwa jicho," hiyo nyundo itakuwa ya kuvunjia karanga.

Nina sababu ya kuchagua kopo la kupimia, na si sababu ninayoisimulia kwa furaha. Mwaka wa pili kambini, nikiwa kijana wa miaka 17, mchuuzi mmoja alinijia usiku. Alitaka makopo 12. Akaniambia, "Kijana, fupisha kidogo tu, nusu sentimita, hakuna atakayeona. Nitakuongezea." Nilikuwa na njaa, na wadogo zangu walikuwa na njaa. Nikakata 11 badala ya 11.54. Yalikuwa makopo mazuri, waya umekaa, mshono umenyooka. Nilijivunia hata.

Yule mzee wangu wa Uvira alikuwa kambi ile ile. Alipita kibandani, akainua kopo moja, akaligeuza, hakusema kitu. Akaomba chupa ya maji ya lita 1. Akamimina polepole. Kopo likajaa, na maji yakaendelea kutoka, yakatiririka mezani mpaka magotini mwangu. Yaliyomwagika yalikuwa kama vijiko vitatu vya mezani. Akaniuliza, "Mwanangu, hivi vijiko vitatu vinaliwa na nani?" Nikanyamaza. Akaendelea, "Mama akipimiwa makopo 20, amekosa karibu kopo zima. Hajui alikosea wapi. Anarudi nyumbani, anafikiri ni yeye aliyepika vibaya bajeti."

Hakunipiga wala hakunitangaza. Alinipa mkasi wangu mwenyewe, nikafungua mishono yote 12 mbele yake, nikanyoosha bati, nikalitumia kwa koroboi. Pesa ya mchuuzi nilirudisha, na siku nne zilizofuata hatukula vizuri. Kitabu cha Mithali, sura ya 11, kinaanza moja kwa moja na habari ya mizani, na kila nifikapo hapo nasikia maji yakinimwagikia magotini. Fundi bati ndiye anayetengeneza kipimo. Mwenye duka anaweza kuiba kopo kwa kopo, lakini fundi akikosea, au akikubali kukosea, soko zima linaiba bila kujua.

KUPANGA BATI KABLA YA KULIKATA

Ile 34.8 kwa 13.2 msiisahau, tunaihitaji tena. Bati bapa la dukani huwa la futi 8 kwa 4, yaani sentimita 243.8 kwa 121.9. Swali ni hili: litatoa makopo mangapi?

Ukilaza upande mrefu wa kila mwili wa kopo kufuata upande mrefu wa bati, unapata miili 7 kwa safu, na safu 9. Hiyo ni 63. Ukiigeuza miili isimame, unapata 18 kwa 3, yaani 54. Tofauti ya miili 9 imetokana na kugeuza mkono tu. Nilipoigundua hesabu hii nilimkimbilia mzee nikishangilia. Akanisikiliza, kisha akauliza, "Na vitako?"

Baada ya kukata 63 kunabaki utepe wa sentimita 3 tu. Makopo 63 yasiyo na kitako ni mabomba. Basi tulikaa tukapanga upya. Kata safu 6 tu, miili 42. Unabaki na upana wa sentimita 42.7, ambamo safu tatu za vitako vya 11.7 zinaingia, kila safu vitako 20. Safu mbili zinatoa 40, vile viwili vinatoka safu ya tatu, na kinachosalia kinatosha mikono yote 42 ya kushikia. Hapo una makopo kamili, na takataka ya kujaza kofia. Kuna wanaopanga vizuri zaidi. Mimi mwenyewe nimewahi kufika 46 kwa kuchanganya, ingawa mikono mingine ilibidi itoke kwenye vipande vya kazi nyingine. Wachukue karatasi vijana wajaribu.

Angalieni pia kwamba 34.8 mara 7 ni 243.6. Imebaki milimita 2 kwa urefu wote. Mwenye kuchora kwa chaki nene amekwisha zimaliza kabla ya mwili wa tatu. Ndiyo sababu tunachora kwa msumari uliochongwa ncha, na tunapima kila mstari kutoka ukingo ule ule wa mwanzo. Ukipima kutoka mstari uliotangulia, kosa dogo la kwanza linazaa la pili, na mwili wa saba unatoka mfupi.

MIKONO

Kuhusu mikono sitaandika mengi, kwa sababu mikono haijifunzi kwa kusoma gazeti. Yako machache ya kumwangalia kijana.

Anapokata, asifunge mkasi mpaka nchani. Ncha ikifunga inaacha jino dogo kwenye ukingo, na jino hilo litachana kiganja cha mtu. Afungue tena kabla haijafika mwisho, asogeze, aendelee. Kwa duara kuna mkasi wa kukata kuelekea kushoto na wa kuelekea kulia, lakini anayeanza atatumia ulionyooka. Anapokunja, atumie nyundo ya mti juu ya kipande cha reli au chuma cha pembe. Nyundo ya chuma hulitanua bati, nalo likishatanuka hukaa na mawimbi yasiyoisha. Ajue pia kwamba bati lina kiburi kidogo: ukilikunja mraba, hurudi nyuma, hivyo lazima lipitishwe kidogo ndipo litulie mahali pake. Na ajue mpangilio wa mikunjo. Kuna mkunjo ambao usipoutangulia, nyundo haiingii tena. Dawa ya hayo ni kukunja kwanza kwa karatasi ya boksi. Mzee hakuniruhusu kugusa bati jipya miezi miwili ya kwanza. Nilikuwa nakata maboksi ya sabuni, na niliona ananionea.

Lugha ya dukani nayo ijulikane. Unene wa bati huitwa geji, na namba yake huenda kinyume: geji 30 ni nyembamba kuliko geji 28, na geji 24 ni nene kuliko zote hizo. Nyembamba yafaa kopo, nene yafaa sanduku na jiko. Wako wauzaji wanaompa mgeni nyembamba kwa bei ya nene, hivyo kijana azoeze vidole vyake kulipima bati kwa kulitikisa pembe.

AFYA YAKE NA YA WENGINE

Hapa naomba akina mama wasome mara mbili.

Mishono ya vyombo vya maji huzibwa kwa lehemu, na lehemu ya kawaida ya dukani huwa na risasi ndani yake. Risasi ni sumu, na hukaa mwilini. Hudhuru zaidi watoto wadogo na mimba: akili ya mtoto huchelewa, na hakuna dalili utakayoiona mapema. Kwa hiyo lehemu yenye risasi isiguse chombo cha maji ya kunywa wala cha chakula. Iko lehemu isiyo na risasi, ni ghali zaidi, na fundi mwaminifu humwambia mteja tofauti. Mshono uliokunjwa vizuri wa kopo la nafaka hauhitaji lehemu kabisa. Betri za gari za zamani zisiyeyushwe uani kwa ajili ya kupata risasi. Nimeona ikifanyika karibu na watoto, na nasema wazi kwamba ni kuwaua polepole.

Bati jeupe tunalolitumia ni chuma kilichopakwa zinki ili kisishike kutu. Usiweke ndani yake kitu chenye uchachu, kama maziwa yaliyoganda, nyanya au maji ya limao, maana uchachu huila zinki na kuipeleka tumboni. Na zinki ikichomwa kwa moto mkali, kama anapochomelea, hutoa moshi mweupe. Anayeuvuta usiku huo atapata baridi, homa na maumivu ya viungo, atadhani ni malaria, kisha kesho au keshokutwa itaisha. Kijana wa kazi hii akishikwa na homa amwambie mganga wa zahanati anafanya kazi gani. Na achomelee nje, upepo ukimpiga ubavuni, asiinamie moshi.

Mapipa ndiyo yanayonitisha kuliko yote. Pipa lililokuwa na petroli au dizeli, hata likionekana tupu na kavu, lina mvuke ndani, na mvuke ndio unaolipuka. Lisiguswe kwa moto. Pipa lililokuwa na dawa ya wadudu lisiwe jiko wala la maji hata likioshwa mara kumi.

Mengine yanajulikana: viatu vya kufunika vidole, glavu wakati wa kubeba, miwani wakati wa kupiga patasi, na chanjo ya pepopunda zahanati. Masikio pia yalindwe. Mzee wangu alipofika miaka 60 tulikuwa tunamsalimia kwa mkono, kwa sababu hakusikia.

KAZI ZENYE WATEJA

Makopo na koroboi ni kazi ya kuanzia tu, na taa za jua zimekwisha kuila koroboi. Zinazomlisha fundi leo ni jiko, sanduku na mfereji.

Jiko lile lenye kiuno, bati nje na udongo wa kuchoma ndani, lilianza kuenea kutoka Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, na sababu ya kuenea ni kwamba hula mkaa mchache. Umbo lake ni kama faneli mbili zilizobusiana. Kwa hiyo anayetaka kulitengeneza ajifunze faneli kwanza: ukitaka mdomo wa kipenyo cha sentimita 14 na mteremko wa 21, chora duara la nusu kipenyo 21, na kwa kuwa 7 ni theluthi ya 21, kata theluthi ya duara hilo. Bado mshono, usisahau. Udongo wa ndani ni kazi ya mfinyanzi, na hapa kanisani tunao akina mama wanaofinyanga vizuri kuliko mimi ninavyohubiri.

Mfereji wa mvua ni kazi ninayoipenda zaidi. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 6 kwa 10 likinyeshewa milimita 20, ni lita 1,200. Toa zinazoruka na kupotea, bado unabaki na karibu lita 1,000, madumu 50 ya lita 20 ambayo hakuna binti aliyeyabeba kichwani. Mfereji uteremke kama sentimita 1 kwa kila mita, vinginevyo maji yatasimama na mbu watashukuru.

Anayefanya kazi hizi ajue pia kutaja bei. Ahesabu bati, waya, ribiti, mkaa, siku zake, na bati litakaloharibika, ndipo aseme. Vijana wetu husema bei kwa kumtazama mteja usoni, halafu wanashangaa mwezi umeisha na hawawezi kununua bati jingine. Malipo ya nusu kabla ya kuanza si aibu. Na akisema Ijumaa, iwe Ijumaa. Kwa mkimbizi jambo hili ni zito kuliko kwa mwenyeji, maana mwenyeji akichelewa husemwa yeye peke yake, na sisi tukichelewa husemwa kambi nzima.

WAPI KWA KUJIFUNZIA

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatambua haki yetu ya kufanya kazi, basi msiogope kumpeleka kijana kwa fundi aliye Mbarara, au hata Katwe kule Kampala, mahali panapojulikana sana kwa mafundi wa vyuma. Kubalianeni mbele ya shahidi: muda gani, atakula wapi, akiharibu bati nani analipa. Wale wenye ndugu Tanzania, VETA hupima na kumpa cheti fundi aliyejifunzia mtaani bila kupita chuo. Kenya kuna mitihani ya ufundi ya NITA, daraja la 3 hadi la 1. Cheti kina faida kwetu, kwa sababu mahali ambapo hakuna anayekujua, karatasi hukusemea.

Wazazi wengine huniuliza habari za ng'ambo. Ndugu zetu waliofika Marekani na Kanada wanasema kazi ya bati iko, na inalipa vizuri. Huko sehemu kubwa yake ni njia za bati za kupitishia hewa ya joto na ya baridi ndani ya majengo. Mtu hujifunza kazini huku akilipwa, miaka 4 au 5, na kwa kawaida huulizwa cheti cha sekondari kabla ya kupokelewa. Kisha hupewa rula ya inchi yenye sehemu za kumi na sita. Kwa hiyo kijana asiache shule kwa ajili ya bati. Ufundi ataupata likizo na jioni. Hesabu za sehemu ni vigumu kuzipata ukubwani. Mabinti nao wasiachwe nyuma. Mkono mwepesi na jicho lenye subira ndivyo vinavyotakiwa, na fundi mzuri kuliko wote niliofundisha kambini alikuwa msichana wa miaka 16.

Sasa mama yangu wa mbuzi, nakujibu. Kwa pesa hiyo nunua rula ya chuma, bikari, daftari la miraba na penseli. Omba maboksi matupu dukani, ni bure. Nyingine iweke. Baada ya miezi miwili, kijana akikuletea kopo la boksi lenye mshono, ukingo na kitako vinavyokutana, nenda kanunue mkasi mmoja mzuri, si miwili ya bei rahisi. Nyundo ya mti atachonga mwenyewe.

Jumamosi hii saa tatu asubuhi nitakuwa nyuma ya kanisa, chini ya mti, na chupa ya maji ya lita 1. Aje yeye na wenzake. Kila mmoja aje na kopo analopimiwa sokoni, tulijaze maji.